MTI, SISIMIZI NA KIJIDUDU: JINSI VIUMBE WANAVYOGEUZANA

Mtaa wa Mukuru kwa Reuben, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, umejengwa karibu na viwanda na Mto Ngong, juu ya udongo mweusi. Kila mkazi wa huko aujua udongo huo. Wakati wa masika hunata viatuni hata mtu hawezi kuinua mguu, na wakati wa kiangazi hupasuka mipasuko mirefu. Ni udongo ule ule wa nyanda za Embakasi na Athi. Mtu akitaka kuona jinsi nchi ya udongo huo ilivyo pasipo nyumba, si lazima asafiri mbali. Kilomita chache upande wa kusini, ng'ambo ya barabara ya Mombasa, iko Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyowekwa mwaka wa 1946. Humo ataona majani, wanyama, na miti mifupi ya miiba ambayo upepo ukivuma husikika ikipiga mluzi.

Habari ya mti huo ni ya ajabu, na yafaa ijulikane hata na watu wa mjini wasiokuwa na haja ya mgunga wala twiga. Kwa maana sheria iliyouumba mti huo kuwa kama ulivyo ndiyo iyo hiyo inayofanya dawa iliyomponya baba isimponye mwanawe katika vyumba vya mabati vya Mukuru. Sheria yenyewe ni hii: hakuna kiumbe kinachogeuka peke yake. Adui zake na rafiki zake ndio wanaokigeuza kizazi baada ya kizazi, nacho huwageuza wao.

Mti wenye askari

Mti huu ni wa jamii ya migunga, na Wamasai huuita eluai. Kwa kawaida haufiki mita 6 kwa urefu. Una miiba mirefu myeupe inayotoka miwili miwili, na baadhi ya miiba hiyo imevimba chini na kufanya kinundu cha mviringo. Kinundu kikiwa kichanga huwa laini. Kikikomaa hukauka, huwa kigumu, na ndani yake mna uwazi. Watu wengi hudhani kwamba vinundu hivyo ni ugonjwa, au kwamba vimefanywa na wadudu. Sivyo. Mti wenyewe huvifanya, nao huvifanya hata pasipo mdudu mmoja juu yake, kwa sababu umeurithi utaratibu huo katika mbegu.

Sisimizi huja wakatoboa vinundu hivyo, wakaingia na kufanya makao yao ndani. Upepo upitapo juu ya matundu hayo ndipo mluzi usikikapo. Tena mti huwapa wapangaji wake chakula, kwani chini ya majani yake mna vitezi vidogo vitoavyo matone ya maji matamu. Basi sisimizi wana nyumba na wana chakula, na kodi yao ni ulinzi. Mbuzi au twiga akilitikisa tawi, sisimizi hutoka kwa mamia, wakamwuma midomoni na puani. Hata ndovu, ambaye ngozi yake nene haijali miiba, huuepuka mti wenye sisimizi wengi, kwa kuwa ndani ya mkonga wake ni laini na sisimizi huingia humo.

Ukiona vyaelea vimeundwa. Je, mti huu uliundwaje hata ukapata nyumba za kupangisha na askari wa kuulinda?

Mnyama ndiye mteuzi

Jambo hili laweza kufahamika kwa mfano wa shamba. Mkulima wa mahindi, avunapo, hachukui kila gunzi kwa mbegu. Huchagua magunzi makubwa yasiyoliwa na wadudu, na hayo ndiyo apandayo mwaka ujao. Akifanya hivyo miaka mingi, mahindi ya shamba lake huwa si sawa na yale aliyoanza nayo. Hakuna bua lililokusudia kubadilika. Lililotokea ni kwamba mabua hayakuwa sawa tangu mwanzo, kila bua likarithisha tabia zake kwa mbegu zake, na mbegu za baadhi yao tu zikapata nafasi ya kuota.

Mambo hayo matatu, yaani kutofautiana, kurithisha, na wengine kubaki huku wengine wakitoweka, yapo porini pia. Tofauti ni kwamba porini hakuna mkulima. Mteuzi ni ukame, ni baridi, na zaidi ya yote ni viumbe wengine. Wataalamu wa Kiingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, walilitangaza jambo hilo mwaka wa 1858, na mwaka uliofuata Darwin alitoa kitabu chake mashuhuri kulieleza kwa urefu. Kwa Kiswahili huitwa uteuzi wa asili.

Katika nyanda za udongo mweusi, wateuzi wa mgunga walikuwa twiga, kifaru, ndovu, na swala walao majani ya miti. Mche uliokuwa na miiba mifupi uliliwa mpaka ukafa kabla ya kuzaa. Mche ambao miiba yake ilivimba kidogo, hata sisimizi wachache wakapata pa kujificha, uliliwa kwa uchache zaidi, ukazaa mbegu nyingi zaidi. Watoto wake walirithi uvimbe ule, na miongoni mwao waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi wakawashinda wenzao. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyoeleza jinsi kinundu kilivyopatikana, hatua ndogo juu ya hatua ndogo, kwa muda wa vizazi visivyohesabika. Mti haukupiga shauri. Mnyama alikula huu akauacha ule, basi.

Wala mnyama hakubaki kama alivyokuwa. Ulimi wa twiga hufika karibu nusu mita, nao ni mgumu na mwepesi wa kuchuma majani katikati ya miiba. Mti ulipozidisha silaha, wanyama wenye ulimi na midomo ya kufaa ndio walioshiba na kuzaa. Mti na mnyama ni kama watu wawili wanaovutana kamba, kila mmoja akimfanya mwenzake awe na nguvu.

Urafiki usio wa bure

Isidhaniwe kwamba kati ya mti na sisimizi mna mapenzi. Huko Laikipia, ambako migunga hii imechunguzwa kwa miaka mingi, kuna aina nne za sisimizi wanaogombania miti, na kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na jamii moja tu. Aina moja, wenye vichwa vyeusi, huyakata machipukizi ya mti wao ili matawi yasigusane na mti wa jirani, maana tawi likigusa ni daraja la adui. Kwa kufanya hivyo huuzuia mti usitoe maua wala mbegu. Aina nyingine huviharibu vitezi vya maji matamu, ili sisimizi wenye nguvu wasiutamani mti huo. Aina ya tatu hawakai katika vinundu kabisa, bali katika matundu yaliyochimbwa ndani ya shina na funza wa mbawakawa, na ulinzi wao ni hafifu. Kila mmoja hufanya lile linalomfaa yeye na kizazi chake. Pale ambapo faida za wawili zikutanapo, watu huona urafiki; zinapoachana, urafiki huo huvunjika.

Adui alipoondolewa

Jambo hilo lilithibitishwa kwa majaribio. Mwaka wa 1995, katika kituo cha uchunguzi cha Mpala huko Laikipia, wataalamu walizungushia uzio wa umeme sehemu kadhaa za mbuga ili wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angefikiri kwamba migunga iliyo ndani ya uzio, ikiwa haina tena ndovu wala twiga wa kuisumbua, ingestawi kuliko yote. Mwaka wa 2008 mtaalamu Todd Palmer na wenzake walitoa habari za yale yaliyotokea baada ya miaka 10, nayo yalikuwa kinyume.

Miti ile ilipunguza vinundu na maji matamu, kana kwamba bwana nyumba ameona kuwa hana haja ya kulipa walinzi. Sisimizi hodari walipokosa nyumba na chakula wakapungua, na wale wakaao katika matundu ya mbawakawa wakazidi. Mbawakawa wakaongezeka, wakatoboa mashina. Mwishowe miti iliyoondolewa adui ilikua polepole zaidi na kufa kwa wingi zaidi kuliko miti ya nje iliyokuwa ikiliwa kila siku.

Hapa pana jambo la kupambanua. Kupunguza vinundu ndani ya miaka 10 si mageuko ya kizazi, maana miti ni ile ile. Ni desturi ya mti mmoja mmoja kujirekebisha kwa hali iliyopo, kama mtu avaavyo koti wakati wa baridi. Lakini uwezo wenyewe wa kujirekebisha ni urithi, nao ulifanyizwa na wanyama wa zamani. Na kama wanyama hao wangeondolewa kwa maelfu ya miaka, hapana shaka uteuzi ungefuata njia nyingine.

Mgeni asiyejulikana

Ikiwa kuondoa kiumbe kimoja huleta msukosuko, kuingiza kimoja huleta mwingine. Mapema katika karne hii sisimizi wa kigeni wenye vichwa vikubwa, wanaosadikiwa kuwa asili yao ni visiwa vya Bahari ya Hindi, walionekana katika nyanda za Laikipia. Aina hii imesafirishwa na watu pande nyingi za dunia pamoja na bidhaa na mimea. Wageni hawa huwaua sisimizi wa mgunga, wakubwa kwa watoto, wala wao wenyewe hawakai mtini kuulinda.

Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walifuatia mambo hayo katika hifadhi ya Ol Pejeta, na mwezi wa Januari 2024 walitangaza matokeo. Mahali palipoingiliwa na wageni, ndovu walivunja migunga mara tano hadi saba zaidi kuliko mahali pengine. Miti ilipopungua, nchi ikawa wazi, na punda milia wakaweza kumwona simba tangu mbali. Mwaka wa 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba; kufika 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambao mwaka wa 2003 hawakuwamo kabisa katika hesabu hiyo, nao wakawa asilimia 42. Mgunga haukuwa na wakati wa kujitengenezea silaha mpya dhidi ya mgeni. Miti huhitaji miaka mingi kupata vizazi vichache, na mgeni alikuja ghafula.

Wenye vizazi vifupi

Hapa ndipo habari ya mbugani inapofika Mukuru. Kiumbe chenye kizazi kirefu, kama mti au ndovu, hugeuka polepole. Kiumbe chenye kizazi kifupi chaweza kugeuka machoni pa watu. Kunguni, mathalan, aweza kutoka yai na kuwa mzima katika majuma machache. Dawa ya DDT ilipoanza kutumika, kunguni walikufa kwa wingi. Lakini mwaka wa 1947, huko Hawaii, tayari walionekana kunguni ambao dawa hiyo haikuwadhuru. Dawa haikuwafundisha kuistahimili. Iliwaua wasioistahimili, ikawaachia kitanda kizima wale wachache waliokuwa na bahati ya kuzaliwa tofauti. Dawa imeshika mahali pa twiga, ndiyo mteuzi.

Vijidudu vya maradhi ni wepesi kuliko kunguni. Kijidudu cha homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, kikiwa mahali pa kufaa hugawanyika kuwa wawili kabla ya saa moja kupita. Tena vijidudu vina hila ambayo mgunga hauna: kimoja chaweza kumpa mwenzake, asiyekuwa mzao wake, kipande kidogo cha urithi chenye siri ya kuishinda dawa.

Homa ya matumbo katika Mukuru

Madaktari wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, wakiongozwa na Profesa Samuel Kariuki, wameichunguza homa hii Nairobi kwa miaka mingi, na Mukuru ni mojawapo ya mahali walipofanyia kazi. Uchunguzi wa watoto wa Mukuru baina ya miaka ya 2013 na 2016 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vijidudu vilivyopatikana haikudhurika na dawa tatu zilizotegemewa zamani, yaani ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli. Tena vijidudu hivyo vilionekana hata kwa watoto waliokuwa wazima, wasio na homa yoyote, ambao waliweza kuwaambukiza wengine bila kujua. Vingi ni vya ukoo mmoja uliotokea Asia ya Kusini na kuenea hata Afrika ya Mashariki. Husafiri pamoja na watu, kama vile sisimizi wenye vichwa vikubwa walivyosafiri na mizigo.

Watu husema, "Mwili wangu umeizoea dawa." Neno hilo si kweli, nalo lina hatari. Mwili hauizoei dawa ya vijidudu. Vijidudu ndivyo vilivyoteuliwa. Kwa sababu hiyo mtoto ambaye hajapata kumeza kidonge hata kimoja aweza kuugua homa isiyosikia dawa, kwa kuwa vijidudu alivyovinywa katika maji viliteuliwa ndani ya matumbo ya watu wengine. Mtu anunuaye vidonge viwili vitatu dukani kwa mafua, ambayo dawa hizo haziyaponyi kamwe, hufanya kazi ya mkulima aliyetajwa juu, bali yeye huchagua mbegu ya magugu, na mavuno huliwa na jirani.

Yafaa kufanya nini

Hakuna awezaye kuikomesha sheria ya uteuzi. Lakini mtu aijuaye aweza kuitumia kwa faida yake, na mambo yafuatayo yafaa kukumbukwa.

Kwanza, dawa za kuua vijidudu zitumiwe kwa agizo la daktari au mganga aliyesomea kazi hiyo, kwa kiasi na siku alizoagiza. Zisigawanywe baina ya wagonjwa, wala vidonge vilivyosalia visiwekwe kwa homa nyingine. Homa nyingi hufanana, na ni vizuri mgonjwa apimwe kwanza.

Pili, kijidudu kisichopata njia ya kwenda kwa mtu mwingine hakipati nafasi ya kuzaa wala ya kuteuliwa. Homa ya matumbo hupita katika maji na chakula kilichoingiwa na uchafu wa choo. Kuchemsha maji, kunawa mikono kwa sabuni, na kufunika chakula ni ulinzi wa kila nyumba. Lakini mtaa usio na mabomba mazuri wala mifereji ya maji machafu hauwezi kulindwa na sabuni peke yake. Mwaka wa 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza mitaa ya Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kuwa eneo la mpango maalumu, ili maji, vyoo, barabara na makao yapangwe pamoja na wakazi. Kila bomba safi linalofika ni pigo kwa kijidudu, na ni pigo ambalo hakiwezi kulizoea upesi.

Tatu, chanjo. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Chanjo huutayarisha mwili kupigana kabla adui hajaingia, nayo hupunguza haja ya kutumia dawa. Dawa isipotumiwa ovyo hudumu na nguvu zake kwa siku ya hatari.

Mgunga wa nyanda za Athi umejifunga silaha zake kwa sababu ya wale walioula, na kila mwiba wake ni ukumbusho wa mnyama fulani. Vivyo hivyo kijidudu cha Mukuru kina alama za watu wa Mukuru, na za kila mahali kilikopita: maji waliyokunywa, vidonge walivyonunua, na jinsi walivyovitumia. Twiga hakujua alichokuwa akikifanya alipouacha mti huu akala ule. Binadamu ndiye mteuzi pekee awezaye kujua anachoteua, na kwa hiyo ndiye pekee awezaye kuulizwa.